Taa ya eabagi haizimiki: namna ya kutafuta hitilafu na kuiweka sawa mikanda ya gari lako

Kila masika yakipita hapa Tanga, maswali ni yale yale. "Fundi, gari linatembea vizuri, ila kile kimtu chenye puto kwenye dashibodi kinawaka." "Fundi, nilifutiwa taa kwa mashine, nafika Muheza imerudi." "Fundi, mkanda umegoma kurudi." Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja, mwenye gari ajue lipi analiweza mwenyewe uani kwake na lipi amwachie fundi umeme wa magari.

Jambo moja lishike mapema. Taa ya eabagi, yaani mfuko wa hewa unaofunguka kukukinga kwenye ajali, ikibaki inawaka, chukulia kwamba siku ya ajali mfuko hautafunguka. Kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayosimamia eabagi, imeona kasoro kwenye mtandao wake na inakuarifu. Na kwa magari ya mji huu wa chumvi na joto, kasoro yenyewe mara nyingi haimo kwenye mfuko. Imo kwenye soketi iliyoshika kutu chini ya kiti, au kwenye kebo ya spairo, ule utepe wa waya unaojizungusha ndani ya stelingi. Kwa hiyo usikimbilie kununua eabagi ya mtumba kabla hujapima.

Andaa hivi kwanza

- Spana namba 10 ya kufungulia teminali za betri.
- Mashine ya kupimia inayosoma mfumo wa SRS, yaani mfumo wa eabagi na mikanda. Vile vidude vidogo vya bluetooth vya bei rahisi vingi husoma injini tu. Kabla hujatoa hela muulize mwenye mashine: "Inaingia kwenye SRS?" Namba za hitilafu za injini huanza na P, za eabagi na mikanda kwa kawaida huanza na B.
- Dawa ya kopo ya kusafishia soketi za umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Dawa ya kulegezea nati haifai hapa.
- Mswaki laini, tochi, kitambaa safi, sabuni ya maji na kibanio cha karatasi chenye nguvu.
- Mita ya umeme na resista ya ohm 2. Mita ni ya hatua ya pili na ya saba, resista ni ya hatua ya saba peke yake.
- Karatasi na kalamu. Kama redio ya gari lako huomba namba ya siri ikikatiwa umeme, iandike sasa hivi.

Usiyafanye haya

Usiguse waya za eabagi kwa taa ya kupimia. Nalisema la kwanza kwa sababu ndilo linaloniogopesha. Mafundi wengi hutembea na balbu ya indiketa iliyofungwa waya mbili, wanagusa huku na huku kutafuta umeme. Balbu ile ya wati 21 hupitisha karibu ampia 1.75. Kiwashio cha eabagi nyingi huhitaji ampia 1.2 tu, kwa milisekunde 2, na mfuko umelipuka. Mfuko hujaa kwa takriban milisekunde 30, yaani hata kupepesa jicho hujawahi. Ukikukuta umeinama juu ya stelingi, shingo na macho ndivyo vitakavyolipa.

Usipime ohm za mfuko wenyewe kwa mita, wala za kivuta mkanda, kile kidude kinachoukaza mkanda ghafla kwenye ajali, maana nacho kina baruti ndani. Viwanda vinakataza, hata kama mita yako ni nzuri.

Usikate soketi ya njano ukasokota waya na kuzungushia selotepu. Muungano wa hivyo hushika kutu upesi, na viwanda vingi huagiza kipande chote cha waya kibadilishwe.

Na kontroli boksi, ambayo kwenye magari mengi imefungwa sakafuni katikati, chini ya kiweko cha gia, usiifungue boliti zake betri ikiwa imeunganishwa. Ndani yake mna sensa ya mgongano. Ukiigonga au kuipindua wakati swichi iko oni, inaweza kudhani gari limegonga.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Isome taa. Kaa kwenye kiti, washa swichi hadi oni bila kupiga stata. Taa ya eabagi inapaswa kuwaka, ikae kama sekunde 6, kisha izime yenyewe. Ikibaki inawaka au ikipepesa, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, hilo ni baya zaidi: ama balbu imekufa, ama kuna mtu aliitoa, au ameiunganisha na taa ya oili ili zizime pamoja. Wewe unayetaka kununua gari la mkononi, fanya kipimo hiki kabla ya bei kuzungumzwa. Angalia taa ya eabagi inazima kwa wakati wake peke yake. Kisha papasa kifuniko cha stelingi na cha dashibodi upande wa abiria. Ukikuta gundi, rangi tofauti au mpasuko uliozibwa, mfuko ulishafunguka zamani na kilichobaki ni kifuniko.

2. Pima betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti 12.4 kwenda juu. Injini ikinguruma, 13.5 hadi 14.5. Umeme ukishuka sana, taa ya SRS inaweza kuwaka bila ubovu mwingine wowote. Betri mbovu itengenezwe kwanza, ndipo uendelee.

3. Soma namba za hitilafu, andika, usifute. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Fundi anafuta, taa inazima, mteja analipa, na ushahidi umepotea. Andika kila namba na maelezo yake. Kwenye Toyota nyingi, kwa mfano, B1800 hadi B1803 zinahusu mfuko wa dereva, na B1900 hadi B1903 kivuta mkanda cha upande wa dereva. Maelezo yakisema waya zimegusana au njia imekatika, kumbuka ni njia nzima inayosemwa, kuanzia kontroli boksi hadi kwenye mfuko. Namba haikwambii "badilisha mfuko". Inakwambia anza kutafuta upande huu.

4. Kata umeme na usubiri. Zima swichi, toa funguo, ondoa teminali ya hasi ya betri, isogeze mbali isije ikarudi yenyewe. Kontroli boksi hutunza akiba ya umeme ya kufungua mfuko hata betri ikikatika kwenye ajali. Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90, viwanda vingine dakika 3. Mimi nakwambia subiri dakika 10 kamili, kwa gari lolote. Nenda kanywe kahawa.

5. Chini ya viti vya mbele. Sogeza kiti nyuma kabisa, kisha mbele kabisa, na umulike tochi. Utaona soketi za njano, hizo ndizo za SRS. Hapa ndipo hitilafu nyingi za Tanga zinapozaliwa. Maji ya kuoshea gari yanaingia, zulia linakaa na unyevu wiki nzima, abiria anasukuma mwavuli chini ya kiti, ndoo ya samaki kutoka Sahare inachuruzika maji ya chumvi. Chomoa soketi kwa kubonyeza kilimi chake, usivute waya. Angalia pini: zikiwa na ungaunga wa kijani au mweupe, umempata mwizi wako. Pulizia dawa, sugua taratibu kwa mswaki, pulizia tena, acha ikauke kabisa. Ndani ya soketi utaona kipande kidogo cha bati kinachounganisha pini mbili soketi ikichomolewa. Kimewekwa makusudi, kuzuia umeme tuli usilipue mfuko. Usikipinde. Rudisha soketi hadi isikike "tak". Isiposikika, haijaingia.

   Ungaunga huo mdogo una nguvu kuliko unavyoonekana. Kiwashio cha mfuko kina ukinzani wa ohm 2 hadi 3 tu. Kutu ikiongeza ohm moja au mbili kwenye pini, kontroli boksi inaona njia imebadilika na inawasha taa. Ndiyo maana taa huwaka ukisogeza kiti na kuzima ukikirudisha.

6. Stelingi. Kama namba zinataja mfuko wa dereva, na honi nayo inalia inapotaka, au vitufe vya redio vya kwenye stelingi vimekufa, mshitakiwa ni kebo ya spairo. Ni utepe mwembamba uliozungushwa ndani ya kasha la plastiki nyuma ya stelingi, unaofunguka na kujikunja kila unapokata kona. Kama hujawahi kufungua stelingi, hatua hii mwachie fundi, ila simama pembeni uone mambo yafuatayo yanafanyika.

   Magurudumu yawe yamenyooka na betri imekatwa, kama hatua ya nne. Fundi aguse chuma cha bodi kwanza kutoa umeme tuli mwilini. Kwenye Vitz, IST na Corolla za miaka ya 2000 mwanzoni, mfuko umeshikwa na skurubu mbili za nyota T30, moja kila upande nyuma ya stelingi. Magari mengine yana klipu za springi zinazosukumwa kwa bisibisi. Mfuko ukitoka, ubebwe kifuniko kikitazama mbali na mwili, na ulazwe mezani kifuniko kikitazama juu. Ukilazwa kifudifudi ukalipuka, unaruka kama roketi. Usiachwe juani juu ya boneti, na ukianguka chini kwa kishindo usirudishwe.

   Kabla ya kutoa nati kubwa ya stelingi, pigwe alama kwenye shafti na stelingi ili virudi palepale. Kebo ya spairo mpya huja imefungwa katikati kwa pini au kijikaratasi. Kisiondolewe mpaka imeshafungwa mahali pake. Kama ilishazungushwa, kwenye Toyota nyingi huzungushwa taratibu kushoto mpaka igome, kisha hurudishwa kulia mizunguko 2.5 hadi alama zikutane. Gari la aina nyingine lina hesabu yake, ifuatwe hiyo. Kebo ikifungwa nje ya katikati, siku ya kwanza utakapokata stelingi hadi mwisho itakatika.

   Hili lina ndugu yake. Gari linapelekwa kutengenezwa reki ya stelingi baada ya mashimo ya njia ya Pangani, fundi wa chini anaachanisha shafti, stelingi inazunguka ovyo huku juu, na kebo inakatika bila mtu kujua. Mwambie afunge stelingi kwa mkanda wa kiti kabla hajaanza.

7. Tofautisha mfuko na waya kwa resista. Hatua hii ni ya mwenye kujua mita. Betri ikiwa imekatwa na umeshasubiri, chomoa soketi ya kifaa kinachotajwa na namba, uchomeke resista ya ohm 2 upande wa gari, kamwe si upande wa mfuko. Rudisha betri, washa swichi, soma namba tena. Hitilafu ya sasa ikitoweka, ubovu uko kwenye kifaa au soketi yake. Ikibaki, uko kwenye waya, kebo ya spairo au kontroli boksi. Kebo ya spairo yenyewe haina baruti, kwa hiyo ikishachomolewa pande zote mbili unaweza kuipima ohm waya kwa waya: isome chini ya 1, na isirukeruke unapoizungusha taratibu. Kisha kata betri tena, subiri tena, toa resista. Wako wanaoiacha humo ili taa izime. Huko ni kumuuzia mtu kifo, na mtu huyo aweza kuwa mwanao.

8. Rudisha umeme. Soketi zote zikiwa zimebana na mfuko umefungwa, rudisha hasi ya betri. Usikae kwenye kiti. Simama nje, pitisha mkono pembeni, kichwa kikiwa mbali na stelingi, washa swichi. Taa iwake sekunde 6 na izime.

9. Futa namba, kisha jaribu. Sasa ndiyo unafuta. Sogeza viti mbele na nyuma, kata stelingi hadi mwisho pande zote, piga honi, kisha endesha kwenye barabara yenye matuta na usome tena. Taa isiporudi, kazi imekwisha.

Mikanda

Watu hushughulikia taa wakausahau mkanda, na mkanda ndio unaookoa kwanza. Mkanda wa ncha tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na mfuko wa hewa umeundwa kuusaidia. Ukikaa bila mkanda, unaukuta mfuko ukiwa bado unafunguka kwa kasi inayofikia kilomita 300 kwa saa. Kaa angalau sentimita 25 kutoka katikati ya stelingi hadi kifuani. Na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi.

Vuta mkanda wote nje hadi mwisho, uupitishe mikononi pole pole. Unatafuta nyuzi zilizokatika, kingo zilizofumuka, sehemu ngumu iliyochomwa na jua, au mng'ao wa kuyeyuka karibu na pete ya juu ya nguzo. Mng'ao ule ni alama ya mkanda uliowahi kubeba uzito wa mtu kwenye ajali. Huo haushonwi, unabadilishwa wote pamoja na rola lake linaloukunja na kifungio. Kisha uvute kwa ghafla: ushike. Usiposhika, usiendeshe.

Mkanda unaorudi kwa uvivu kwa kawaida hauna ubovu wa springi. Umejaa jasho na vumbi, na pete ya juu imeshika utando mweusi. Vuta wote nje, banisha kwa kibanio karibu na rola usirudi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, futa pete ile mpaka kitambaa kitoke cheupe. Acha ukauke kabisa kivulini ndipo utoe kibanio. Jiki, petroli na rangi ya nguo huzila nyuzi, usizitumie.

Kifungio kisichoshika kina mchanga wa Raskazone, sarafu au maganda ya karanga. Puliza kwa hewa ya kompresa. Usitie oili, inakusanya vumbi. Rola lenyewe usilifungue hata iweje: lina springi iliyokazwa na mara nyingi kile kivuta chenye baruti.

Nije kwenye kava za viti, maana mji huu tunazipenda. Tazama ubavu wa kiti chako, upande wa mlango. Ukiona kitambulisho kimeandikwa SRS AIRBAG, mna mfuko wa ubavuni humo. Kava nzito iliyoshonwa ikazunguka kiti chote itauzuia kutoka. Nunua iliyoachwa wazi upande huo au usivalishe. Zulia la manyoya na mapambo ya gundi juu ya dashibodi ya abiria, yote yatarushwa usoni mfuko ukifunguka.

Suala la Takata

Hili halionyeshwi na taa yoyote, kwa hiyo lisome hata kama gari lako ni zima. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vijazio vya eabagi, yaani vikasha vinavyotoa gesi ya kuujaza mfuko, vyenye amonia nitreti. Baadhi havikuwa na dawa ya kukausha unyevu, na kwa miaka kadhaa ya joto na unyevunyevu kemikali ile huharibika. Siku mfuko unapofunguka, kasha la chuma hupasuka na kurusha vipande. Watu wamekufa kwenye ajali ambazo zingewaacha na michubuko. Takata iliomba kufilisika Juni 2017, na makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na mengine. Hali ya hewa ya pwani yetu ndiyo hasa inayoliamsha tatizo hili.

Chukua namba ya chesesi kwenye kadi ya gari, uiingize kwenye ukurasa wa kiwanda wa kutafuta magari yaliyoitwa. Gari lililotoka Japani litafute kwenye ukurasa wa Japani, kwa sababu namba yake ya chesesi ni fupi na kurasa za Marekani haziitambui. Likiwa limo na halijarekebishwa, usiufungue mfuko huo mwenyewe wala usimpe fundi wa mtaani. Wasiliana na wakala wa kiwanda. Na hii ndiyo sababu nyingine ya kuikataa eabagi ya mtumba: hujui imetoka gari gani wala imekaa juani miaka mingapi.

Ukikwama

*Taa imezima, imerudi baada ya mvua.* Kuna soketi nyingine hujaifikia. Inua zulia, bonyeza sponji iliyo chini. Likiwa na maji, likaushwe lote, na kontroli boksi ikaguliwe na fundi kama maji yalipanda hadi katikati ya sakafu.

*Mashine inasoma "mgongano umerekodiwa".* Mfuko au kivuta mkanda kimeshalipuka. Kontroli boksi hubadilishwa, pamoja na vilivyolipuka.

*Taa ya mkanda inawaka nimefunga mkanda.* Swichi ndogo ndani ya kifungio, au soketi yake chini ya kiti. Kama ni upande wa abiria na hakuna aliyekaa, ondoa mkoba au mfuko wa sokoni uliowekwa juu ya kiti: sensa inadhani ni mtu.

*Mkanda umejifunga hauvutiki.* Achia urudi ndani kidogo, kisha vuta polepole. Jaribu gari likiwa tambarare, kwa sababu rola lina kidude kinachoshika likiinama. Kama ulianza baada ya kiti au nguzo kufunguliwa, rola limefungwa likiwa limelala upande. Kama ulianza baada ya kugonga, kivuta kimelipuka na mkanda wote ni wa kubadilisha.

*Mashine haiingii SRS kabisa.* Angalia fyuzi ya SRS kwanza. Ikiwa nzima, jaribu mashine nyingine iliyoandikwa aina ya gari lako kabla ya kuilaumu kontroli boksi.